Istilahi za Mpira wa Kusokota: Uhakiki wa Orodha Moja ya Kriketi

Orodha ya istilahi za kriketi tunayokusudia kuihakiki katika makala haya ilitufikia hapa Kawajense ikiwa karatasi chache zilizopigwa chapa, zimenakiliwa mara nyingi hata herufi za pembeni zimefifia. Mwandishi wake hakutia jina, nasi hatutajaribu kumtafuta, maana nia yetu si kumwaibisha mtu aliyejitolea kuifanya kazi ambayo wengi wetu tumeikwepa. Orodha yenyewe ina mambo mema. Imelipokea neno ‘ova’ bila kulihangaikia, imempa yule anayekaa nyuma ya vijiti jina la ‘mlinda vijiti’, ambalo mtu hulielewa papo hapo, na imekataa kumwita mwamuzi kwa neno lolote jingine ilhali tunalo neno mwamuzi. Lakini inapofika kwenye sehemu ya urushaji wa mpira, na hasa ule urushaji wa polepole ambao mrushaji huusokota mpira kwa vidole au kwa kifundo cha mkono ili ubadili mwendo, orodha inavurugika, na mvurugiko huo unafaa kuchunguzwa kwa sababu haukutokana na uvivu. Umetokana na njia ya kufasiri ambayo wengi wetu tunaitumia kila siku maofisini na madarasani.

Yamkini msomaji atauliza: Kawajense na kriketi, wapi na wapi? Swali ni la haki. Hii ni kata ya mji wa Mpanda, mkoani Katavi, huku ambako reli ya tawi kutoka Kaliua inaishia, na mtu akisema ‘mpira’ bila kuongeza neno kila mmoja anaelewa kandanda. Hata hivyo twadai kwamba mahali kama hapa ndipo panapofaa kuijaribia istilahi ya kriketi. Mwanafunzi wa Dar es Salaam aweza kwenda kwenye kiwanja cha Gymkhana au cha Annadil Burhani akaona kwa macho yake jambo linalotajwa, na neno likiwa bovu macho yatalisaidia. Hapa neno husimama peke yake. Mwalimu wa michezo wa Kawajense aliyepewa karatasi hizi hana budi kuujenga mchezo mzima kichwani kutokana na maneno aliyosoma, na kama maneno mawili tofauti yamefasiriwa kwa neno moja, kichwani mwake mambo mawili yatakuwa jambo moja, na wanafunzi wake watafundishwa hivyo.

Wala jambo lenyewe si la kupitisha wakati. Mwaka 1975 timu ya Afrika ya Mashariki, iliyochanganya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilicheza Kombe la Dunia la kwanza la kriketi huko Uingereza. Mwaka 2025 timu ya Tanzania ya vijana wasiozidi miaka 19 ilifuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia la umri huo. Kati ya matukio hayo mawili imepita miaka hamsini, na mchezo umeendelea kukaa kwa sehemu kubwa katika miji michache na miongoni mwa watu waliofundishwa kwa Kiingereza au kwa lugha za Kihindi. Kijana wa bara mwenye vidole virefu na akili ya hila, yaani kijana anayefaa hasa kwa kazi hii ya kusokota mpira, hatafikiwa na mwalimu wa kigeni. Atafikiwa, kama atafikiwa, na kijitabu cha Kiswahili.

Tuanze na kosa lililo jepesi kuonyesha. Orodha inamwita mrushaji ‘mtupaji’, na kitendo chake ‘kutupa’. Katika mazungumzo ya kawaida kutupa na kurusha ni ndugu, na hatungekuwa na ugomvi kama sheria za kriketi zenyewe zisingekuwa na ugomvi. Sheria hizo zinatofautisha vitendo viwili: kuupeleka mpira kwa mkono ulionyoka, ambako ni halali, na kuupeleka kwa kuukunja mkono kisha kuukunjua kisukusuku kabla ya kuuachia, ambako ni haramu, na mwamuzi hunyosha mkono wake kuukataa mpira huo. Kwa kuwa hakuna mkono wa binadamu unaonyoka kabisa katika mwendo wa kasi, tangu mwaka 2005 chama cha kimataifa cha mchezo huu kimeruhusu kisukusuku kukunjuka kwa nyuzi zisizozidi 15. Sasa kile kitendo kilichoharamishwa, Waingereza hukiita kwa neno lao la kila siku la kutupa. Mfasiri aliyekwisha kumwita kila mrushaji ‘mtupaji’ atakapofika kwenye kifungu hicho cha sheria atajikuta ameandika kwamba mtupaji haruhusiwi kutupa. Tunapendekeza ‘kurusha’ na ‘mrushaji’ kwa kitendo halali, na ‘kutupa’ ibaki kuwa jina la kosa. Neno ‘kuvurumisha’ lina sauti nzuri na linafaa sana kwa wale warushaji wa kasi, ila halifai hata kidogo kwa mtu anayeuachia mpira ukaenda kilomita 80 kwa saa huku ukizunguka kama pia.

Kosa kubwa ni lile la neno ‘kupinda’. Tumehesabu, na katika ukurasa mmoja orodha inalitumia mara tatu kwa mambo matatu: mpira ‘hupindwa’ na vidole vya mrushaji, mpira ‘hupinda’ hewani, na mpira ‘hupinda’ baada ya kugusa ardhi. Mwalimu wetu wa Kawajense akiunganisha maelezo hayo atapata sentensi isemayo kwamba mpira uliopindwa hupinda kisha hupinda. Aghalabu sentensi kama hii hupita bila kugunduliwa, kwa sababu kila neno ndani yake ni la Kiswahili sanifu na sarufi haina kasoro.

Ili tuone ni kwa nini mambo haya matatu hayawezi kuchangia kitenzi kimoja, hatuna budi kuuangalia mpira wenyewe. Mpira wa kriketi una uzito wa gramu 156 hadi 163, na mzingo wake ni sentimita 22.4 hadi 22.9. Ni mgumu, umefunikwa kwa ngozi, na mshono wa ngozi hiyo umeinuka kidogo kiasi cha kushikika kwa vidole. Mrushaji huupeleka kwenye ukanda wa ardhi iliyoshindiliwa wenye urefu wa mita 20.12 kutoka vijiti hadi vijiti, na kwa desturi mpira hudunda mara moja kabla ya kumfikia mpigaji. Safari nzima, hata kwa mrushaji wa polepole, haifiki sekunde moja na nusu. Katika muda huo mfupi mpira hupita mahali patatu, na kila mahali pana kanuni zake: mkononi, hewani, ardhini.

Mkononi mpira husokotwa. Kiswahili kinalo neno hili tangu zamani kwa kamba na uzi, na kitendo ni kilekile: vidole huenda upande mmoja na kitu kilichoshikwa huzunguka. ‘Kuzungusha’ pia si vibaya, lakini mtu aweza kuzungusha gurudumu kwa mguu; kusokota ni kwa vidole na kiganja. Kwa hiyo twapendekeza ‘msokoto’ kwa ule mzunguko unaotiwa mkononi, na ‘msokotaji’ kwa mrushaji wa aina hiyo.

Hewani msokoto huanza kuzaa matunda. Ngozi inayozunguka huiburura hewa iliyo karibu nayo, na upande mmoja wa mpira hewa huenda pamoja na ngozi, upande wa pili hupingana nayo. Hapo mpira husukumwa kutoka upande wa mapingano kwenda upande mwingine. Jambo hili hujulikana kwa jina la Mjerumani Magnus aliyelieleza mwaka 1852, na wapiga kandanda wanalijua bila kumjua yeye kila wanapoupinda mpira wa adhabu kuzunguka ukuta wa wachezaji. Msokoto ukiwa wa mbele, yaani sehemu ya juu ya mpira ikizunguka kumwelekea mpigaji, mapingano huwa juu na mpira husukumwa chini: mpigaji aliyedhani utamfikia huona umetumbukia mbele yake. Msokoto ukiwa wa kinyume, mpira hukaa hewani zaidi ya ilivyotarajiwa. Na msokoto ukiwa na sehemu ya ubavu, mpira husogea polepole upande, bila kishindo, kama ngalawa inayovutwa na mkondo. Kwa mwendo huu wa ubavuni tunasema mpira ‘huelea’, na jina lake ‘mweleo’. Kwa ule wa kutumbukia tunasema ‘huzama’, na jina lake ‘mzamo’. Waliokulia pwani hawatahitaji kufafanuliwa tofauti ya kuelea na kuzama, na hata sisi wa bara tuna mito.

Ardhini mambo hubadilika ghafla. Mpira unaozunguka unapogusa ardhi, ile sehemu ya chini inayokwenda ubavuni huikwaruza ardhi, ardhi nayo hukataa, na mpira hurukia upande wa pili. Mwalimu na achukue chungwa gumu, alisokote kwa vidole huku akiliachia lidondoke kwenye sakafu ya udongo mkavu. Litadunda na kuruka kando. Alirudie jaribio hilo kwenye saruji laini iliyolowa, na ataona limeteleza tu. Hapo amekwisha kuwafundisha wanafunzi sababu ya wasokotaji kuupenda ukanda mkavu uliopasuka na kuuchukia wenye majani na unyevu. Na pia sababu ya kriketi ya Afrika ya Mashariki, iliyochezwa kwa miaka mingi juu ya mikeka ya makumbi iliyotandikwa uwanjani, kuwa na sifa ya kuushika mpira na kuudundisha juu. Kwa mwendo huu wa kurukia kando baada ya kudunda, neno letu ni ‘kuchepuka’, na jina lake ‘mchepuko’. Njia huchepuka, mto huchepuka, na daima kuna mahali hasa palipotokea mchepuko. Kupinda hakuna mahali kama hapo. Kitu huweza kupinda kidogokidogo kwa urefu wake wote. Ndiyo maana kama mtu anashikilia neno kupinda, basi na alitumie hewani, asilitumie ardhini.

Wapo watakaosema kwamba tunagawanya unywele. Tunawaomba wafikirie jambo moja ambalo orodha imelipoteza kabisa: mpira uliosokotwa vizuri aghalabu huelea upande mmoja na kuchepuka upande wa pili. Hewani humvuta mpigaji kulia, ardhini humkimbia kushoto. Hila yote ya kazi hii imo katika kupingana huko, na lugha yenye kitenzi kimoja kwa miendo yote miwili haiwezi kuieleza.

Tuje sasa kwenye pande za uwanja, ambako orodha imefasiri neno kwa neno. Waingereza huigawa ardhi kwa kumtazama mpigaji, na upande mmoja huuita kwa jina la mguu. Orodha imeandika ‘upande wa mguu’, na upande wa pili ikauita ‘upande wa nje’. Mwanafunzi atauliza, na ana haki: mguu upi? Mpigaji ana miguu miwili. Na huo ‘nje’ ni nje ya nini, maana wachezaji wote wamo ndani ya uwanja?

Lakini tazama jinsi mpigaji anavyosimama. Hamkabili mrushaji uso kwa uso kama golikipa. Husimama ubavu, bega moja likimwelekea mrushaji, gongo likiwa chini karibu na vidole vya miguu. Kifua chake kinatazama upande mmoja wa uwanja, na mgongo wake upande wa pili. Basi tunao ‘upande wa kifuani’ na ‘upande wa mgongoni’. Hakuna haja ya kueleza zaidi, wala haidhuru mpigaji awe wa mkono wa kulia au wa kushoto, kwa kuwa akigeuka, kifua na mgongo vimegeuka naye. Vijiti vitatu vilivyo nyuma yake navyo vitaitwa cha kifuani, cha kati na cha mgongoni.

Tulilotaja gongo, tuseme neno moja kulihusu. Orodha imetumia ‘beti’, na hatukulipenda, kwa kuwa mwalimu wa Kiswahili akisema beti darasani wanafunzi hutazamia shairi. Tunajua kwamba ‘gongo’ nalo lina maana nyingine, na kwamba darasa litacheka siku ya kwanza. Siku ya pili halitacheka.

Jambo la pande linatupeleka kwenye jambo zito zaidi, ambalo ni majina ya wasokotaji wenyewe. Kiingereza kina aina mbili kuu, kila moja ikiitwa kwa upande ambao mpira hutokea unapochepuka, huku mpigaji akichukuliwa kuwa wa mkono wa kulia. Orodha, kwa kuhisi kwamba majina hayo ya Kiingereza yana giza, imeyaacha na kubuni mengine kwa kufuata mkono: ‘msokoto wa vidole’ kwa ule unaochepuka kumwingilia mpigaji, na ‘msokoto wa kiwiko’ kwa ule unaochepuka kumtoka. Twasifu ujasiri huo. Kwa bahati mbaya umejenga juu ya mchanga, na mfano wa kuubomoa hauko mbali, uko Kenya.

Katika Kombe la Dunia la mwaka 2003, Kenya ilifika nusu fainali. Wasokotaji wawili walichangia sana. Tarehe 24 Februari, mjini Nairobi, Collins Obuya aliwatoa wapigaji watano wa Sri Lanka kwa kuachia mikimbio 24 tu katika ova zake kumi, na Kenya ikashinda kwa mikimbio 53. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, Aasif Karim, aliyekuwa na umri wa miaka 39 na aliyerudishwa timuni baada ya kustaafu, aliwarushia Waaustralia mipira 50, akaachia mikimbio 7, akawatoa wapigaji watatu. Australia ilishinda mchezo huo, lakini mchezaji bora alikuwa Karim.

Obuya hurusha kwa mkono wa kulia na husokota kwa kifundo cha mkono. Karim alirusha kwa mkono wa kushoto na kusokota kwa vidole. Kwa orodha yetu hawa ni watu wa aina mbili zinazopingana. Ila msokoto wa kawaida wa kila mmoja wao huchepuka upande uleule: kutoka mgongoni kwenda kifuani kwa mpigaji wa mkono wa kulia, yaani kumtoka. Vidole vya mkono wa kushoto hufanya uwanjani kile kinachofanywa na kifundo cha mkono wa kulia. Kwa hiyo anayesema kwamba msokoto wa vidole humwingilia mpigaji amesema ukweli kwa warushaji wa kulia tu, na amemweka Karim mahali pasipokuwa pake. Na kama mfano wa Kenya hautoshi, yupo Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka, aliyefikisha wapigaji 800 aliowatoa katika mechi za majaribio alipostaafu mwaka 2010, idadi ambayo hakuna aliyeifikia kabla yake. Alirusha kwa mkono wa kulia, mpira wake mkuu ulimwingilia mpigaji wa kulia, na bado aliusokota zaidi kwa kifundo cha mkono kuliko vidole.

Yafuatayo basi ni mapendekezo yetu. Mambo mawili yatajwe kwa majina mawili, yasilazimishwe kuwa moja. Kwa kazi ya mkono tuseme ‘msokoto wa vidole’ na ‘msokoto wa kifundo’. Kwa tokeo la ardhini tuseme ‘mchepuko wa kuingia’ na ‘mchepuko wa kutoka’, na ieleweke, kama ilivyo katika Kiingereza, kwamba kipimo ni mpigaji wa mkono wa kulia. Hapo Obuya atakuwa msokotaji wa kifundo mwenye mchepuko wa kutoka, Karim msokotaji wa vidole mwenye mchepuko wa kutoka, na Muralitharan msokotaji wa kifundo mwenye mchepuko wa kuingia. Majina ni marefu kidogo. Tunaona ni afadhali marefu yenye ukweli, na wachezaji wenyewe watayafupisha watakavyo.

Na kwa nini tumesema kifundo badala ya kiwiko? Kwa sababu kiwiko, kwa Waswahili wengi wa leo, kimehama. Wengine wanakiweka hapo mkono unapokutana na kiganja, wengine wanakiweka hapo mkono unapokunjika katikati. Mwanafunzi wa kundi la pili akisoma ‘msokoto wa kiwiko’ ataukunja na kuukunjua mkono katikati, na huko ndiko kutupa, ambako mwamuzi ataukataa mpira. Istilahi itakuwa imemfundisha kosa ambalo sheria inamkataza.

Inabaki mipira ya hila, na hapa orodha imejisalimisha kabisa kwa kuandika ‘gugli’, ‘dusra’ na ‘flipa’. Hatuna uadui na maneno ya kukopa. ‘Dusra’ hasa lina historia ya kufurahisha: ni neno la Kiurdu na Kihindi lenye maana ya ‘wa pili’ au ‘ule mwingine’, lililoenea pamoja na Saqlain Mushtaq wa Pakistan katika miaka ya 1990, na Waingereza wenyewe wamelikopa vivyo hivyo bila kulifasiri. Lakini desturi yetu ya kubuni istilahi imekuwa kutazama kwanza ndani ya Kiswahili, halafu katika lugha zetu nyingine za Kibantu, ndipo tutoke nje. Orodha imeanzia nje.

‘Gugli’ ni mpira ambao mrushaji huusokota kwa kifundo akionekana kuuandaa mchepuko wa kutoka, kumbe amekigeuza kifundo zaidi ya kawaida, na mpira ukidunda huingia. Ulibuniwa na Mwingereza Bernard Bosanquet mwanzoni mwa karne ya ishirini, na Waaustralia kwa muda mrefu waliuita kwa kifupi cha jina lake. Sisi tunalo neno ‘kigeugeu’, na sioni mtu atakayelikataa: ni kifundo kilichogeuka, ni mpira uliogeuka, na ni tabia ya mtu asiyeaminika. ‘Dusra’ ni kigeugeu cha upande wa pili, ambapo msokotaji wa mchepuko wa kuingia hutoa mpira wa kutoka. Kwa huo neno ‘mwingine’ linatosha, nasi tutakuwa tumefasiri kutoka Kiurdu moja kwa moja, bila kupitia London. ‘Flipa’ hubanwa na kufyatuliwa kati ya kidole gumba na vidole vingine, ukapata msokoto wa kinyume, ukadunda chini na kuwahi. Huo ni ‘mtelezo’. Mpira usiochepuka kabisa, uliofichwa miongoni mwa inayochepuka, ni ‘mnyoofu’. Karim aliwasumbua Waaustralia kwa minyoofu mingi kuliko watu wanavyokumbuka.

Kuhusu lugha nyingine za Kibantu, walimu wa Mpanda na vijiji vyake wamo katika nafasi nzuri. Watoto wa Kibende, Kipimbwe na Kikonongo wanacheza pia na kurusha matunda magumu kama watoto wa popote, na wana maneno ya pia inayosinzia kwa kasi, inayoyumba na inayorukia kando. Maneno hayo yakusanywe kabla hatujaamua kwamba mapendekezo yetu ndiyo ya mwisho.

Tumeijaribu mizani hii kwa mpira mmoja mashuhuri, maana istilahi isiyoweza kuandikia sentensi haifai. Tarehe 4 Juni 1993, kwenye uwanja wa Old Trafford mjini Manchester, Mwaustralia Shane Warne alimrushia Mwingereza Mike Gatting, mpigaji wa mkono wa kulia. Kwa orodha, maelezo yangekuwa hivi: mpira ulipinda kwenda mguuni, ukapinda nje, ukagonga kijiti cha nje. Kwa mapendekezo yetu: Warne aliusokota mpira kwa kifundo; ukaelea kwenda mgongoni, ukazama, ukadunda nje ya kijiti cha mgongoni, ukachepuka mbele ya gongo na kugonga kijiti cha kifuani. Tuliisomea sentensi hiyo ya pili watu ambao hawajapata kuona kriketi, tukawapa njiti tatu za kiberiti na gololi, na wakaionyesha njia ya mpira mezani bila kusaidiwa.

Neno la mwisho la orodha katika sehemu hii ni la ova ambayo mrushaji hakuachia mkimbio hata mmoja. Waingereza huiita kwa jina la mwanamwali, nayo orodha imeandika ‘ova bikira’. Hatudhani mtangazaji yeyote wa redio atalisema hilo saa za jioni watu wakiwa na wakwe zao sebuleni. Wakulima husema mwaka mkavu, wavuvi husema siku kavu, na wote wana maana kwamba hakikupatikana kitu; basi na iwe ‘ova kavu’. Katika mchezo wa Durban Karim alirusha ova kavu sita. Mwaka 2024 huko Guyana, Mganda Frank Nsubuga, msokotaji wa vidole mwenye mchepuko wa kuingia, aliyekuwa na miaka 43, aliwarushia Papua New Guinea ova nne. Akaachia mikimbio minne, akatoa wapigaji wawili, na ova mbili kati ya hizo nne zilikuwa kavu.